Saruji Tuliyoibeba Wenyewe

Kitendawili, mjukuu wangu: mgeni wangu hana miguu, nilimbeba kichwani mpaka shambani, leo ananikataza kupita. Umeshindwa? Ni jiwe la mpaka.

Ukitoka Kilosa kuelekea Mikumi, shamba la mwisho kijijini kwetu lilikuwa langu. Mbele yake ni pori la wanyama. Umeme tumeuomba mpaka tumechoka. Basi wapimaji walipokuja na gari la serikali, tukajua ndio huo. Wanawake tukabeba saruji na maji ya kujengea nguzo zao mpaka shambani kwangu, huku tunaimba. Mimi nikawachinjia jogoo.

Nikamuuliza Lupakisyo, mtendaji wa kijiji, "Mwanangu, nguzo fupi kama kigoda, waya utapita wapi?" Akacheka tu.

Mvua zilipoanza nikaenda kupanda mpunga. Askari wa wanyamapori akanisimamisha penye ile nguzo fupi, kumbe ni jiwe la mpaka.

"Shikamoo, mama. Humu ni hifadhini sasa. Rudi."

"Marahaba. Nimelima humu miaka thelathini."

"Rudi, mama."

Ngolo, mfugaji ambaye ng'ombe wake nimewafukuza mara nyingi, naye alikuwa amerudishwa. Akanitania, "Bibi wee, ugomvi wetu umekwisha. Wewe huna shamba, mimi sina malisho!"

Sikucheka. Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Lupakisyo, jembe begani, nikamuuliza tena lile lile swali la waya.

Safari hii hakucheka. Alitazama meza yake.

"Hakuna waya, mama. Nilijua tangu siku ya kwanza. Ningewaambia, nani angebeba saruji?"