Maji Safi Sana

Asubuhi ya hiyo Jumamosi nilikuwa kwa bomba nasugua sufuria ya uji na jivu, na chupa ya Wepukhulu, dereva wetu, ilikuwa tayari imewekwa kwa ngazi ya jikoni. Sikuwa na haja nayo. Hiyo chupa inakaa hapo kila asubuhi tangu nikiwa Form One, unaipita tu. Lakini jua ilikuwa imetoka, ikapita ndani ya chupa hadi kwa simiti, na kwa simiti hakukuwa na kivuli, ni mwangaza tu. Nikaacha kusugua. Maji ilikuwa safi. Safi sana.

Maji ya tanki haikuwangi safi.

Sisi tuko na basi mzee ya shule. Baba aliinunua, akatoa viti, akaweka vitanda sita, jiko ya gesi, sinki na choo. Tunaiita Nyumba. Watu wakiwa na matanga ama harusi wanaikodi, wageni wao wanalala ndani badala ya kubanana kwa majirani. Mama ndiye huenda nayo, anapika na anatandika. Wepukhulu ndiye dereva.

Breki za Nyumba ni za upepo. Baba amenieleza mara mingi, hata kama sijauliza. Kuna tanki tatu huko chini za kuweka upepo, na hewa ya huku Kitale iko na unyevu, kwa hivyo maji inabaki ndani ya tanki. Usipoitoa kila siku, maji inakalia nafasi ya upepo, halafu siku moja uko kwa mteremko, unakanyaga breki, unapata hakuna kitu. Ilishatokea. Mwaka juzi wakitoka Endebess, Nyumba iliingia kwa mahindi ya mtu ndio ikasimama. Hakuna mtu aliumia. Lakini kutoka siku hiyo Baba alisema dereva akifungua tanki asubuhi, akinge hiyo maji kwa chupa na aiweke kwa ngazi kabla saa kumi na mbili na nusu, ndio Baba aione. Baba alikuwa karani miaka ishirini. Kitu hajaona na macho, kwake haijafanyika.

Hiyo maji huwa rangi ya chai ya jana. Juu yake mafuta inang'aa, na inanuka chuma. Nikafungua chupa nikanusa. Hakuna. Nikaweka kidole nikaonja. Ilikuwa maji ya mvua, ile tunakinga kutoka kwa mabati, iko na ladha ya majani.

Hapo ndio nikakumbuka kitu ingine. Januari yote kulikuwa kukavu, hata sukuma zilikauka, na chupa bado ilikuwa inajaa hadi pale pale.

Nikaangalia kama kuna mtu. Baba alikuwa anakamua. Nikachukua mkebe wa mafuta ya kupikia nikaingia chini ya Nyumba. Mawe yalikuwa yamewekwa kwa tairi, nilihakikisha. Tanki ya kwanza iko na waya fupi imening'inia, unavuta. Nikavuta. Ikapiga pshhh, halafu ikanitapikia. Maji ya kahawia, nzito, kama uji imeungua. Mkebe ukajaa na bado ilikuwa inakuja, ikamwagika kwa nguo yangu. Nikatambaa hadi ya pili. Waya yake ilikuwa imeshikwa na kutu. Ya tatu pia. Nilivuta hadi vidole vikaniuma.

Nikaona viatu.

"Nani huko chini? Ni paka ama ni mwizi?"

"Ni mimi."

"Hata mwizi husema ni mimi. Toka tukuone."

Nikatoka na mkebe. Wepukhulu alikuwa anacheka, yeye hucheka hata akisalimia watu wa matanga. Akaona mkebe, akaacha.

"Gladwell bana. Leo umekuwa fundi?"

Mimi watu wakubwa siwezi kuwaangalia kwa uso. Niliangalia mshipi wake. "Si ulifungua?"

"Nani amesema nimefungua?"

"Chupa iko kwa ngazi."

Akaangalia upande wa ng'ombe, kwa Baba. "Hiyo ya chupa, muulize mamako. Mimi usiniulize."

"Kwa nini Mama?"

"Si nimesema umuulize? Hizo zingine nitafungua tukifika Kiminini, tukiweka mafuta. Saa hii tumechelewa. Watu wa Bungoma wanangoja."

Akaingia kwa Nyumba akawasha injini. Nikabaki hapo nanuka chuma. Mama? Nikaanza kuhesabu vitu. Kutoka Krismasi Mama ndiye huamka wa kwanza. Jagi ya jikoni inakuwanga na maji kabla moto iwashwe. Mara mbili nimesikia akimwambia Baba, "Wepukhulu ameshafika, ako huko nje," na mimi nikitoka sioni mtu. Na chapati anamfungia kwa karatasi. Dereva gani anafungiwa chapati? Nilifikiria mambo sitaki kutaja, nikasikia aibu.

Nikamfuata Mama ndani ya Nyumba, nyuma kwa vitanda. Alikuwa anakunja blanketi.

"Mama, ni wewe hujaza ile chupa?"

Hakuacha kukunja. Hapo ndio nikajua.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna."

"Funga mlango." Nikafunga. "Mtoto wa Wepukhulu amelazwa. Kila asubuhi anampelekea chai hospitali kwanza, halafu anakimbia huku. Baba yako akikosa kuona hiyo chupa, atamfuta kazi siku hiyo hiyo. Si unamjua? Kwa hivyo namwekea. Ni maji tu, Gladwell."

"Mtoto gani?"

"Mukhisa. Yule mdogo."

Mukhisa nilimuona Jumapili nje ya kanisa. Alikuwa anaruka kamba na wasichana, anashinda wote.

"Mama, lakini hafungui."

"Anafungua akifika. Ameniambia."

"Waya zimeshika kutu."

Akaniangalia, nikaona ni kama anataka kuniuliza kitu. Lakini Wepukhulu akaita kutoka mbele, "Mama Gladwell! Upepo imejaa, twende ama tutapata wameshazika!" Na Mama akacheka, ile kicheko ya kuharakisha.

"Nenda ubadilishe hiyo nguo," akaniambia. "Na baba yako asisikie. Unanisikia? Atafanya hii boma isikalike."

Nilishuka. Baba alikuwa amefika kwa ngazi na ndoo ya maziwa. Akainua chupa hadi usawa wa macho, akaimwaga kwa maua. Aliangalia kama imejaa. Rangi hakuangalia.

"Huyu Wepukhulu siku hizi amekuwa mtu wa maana," akasema.

Nyumba ikatoka kwa geti. Mama akanipungia mkono kwa dirisha ya Nyumba.

Nikaficha mkebe nyuma ya sukuma. Nikaosha nguo. Nikajiambia Kiminini ni karibu, watasimama, atafungua, mimi ndio niko na roho mbaya. Labda Mukhisa alilazwa kweli, halafu akatoka. Lakini kama alitoka, mbona Mama hajui? Na kama mtu anaweza kudanganya na mtoto, atashindwa aje kudanganya na tanki? Kutoka Kiminini unaenda tambarare, halafu barabara inashuka Kamukuywa, hadi kwa daraja. Baba huiogopa hiyo mteremko hata akiwa abiria.

Nilikaa kama dakika ishirini. Halafu nikaenda nikatoa mkebe.

Baba alikuwa mezani anakunywa chai. Nikauweka mbele yake. Singeweza kuanza kuongea, kwa hivyo nikauweka tu.

Akanusa. "Hii umetoa wapi?"

"Kwa Nyumba. Asubuhi."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna mtu."

Akainamisha mkebe, akaona chini kuna kitu kama matope. "Na ile ilikuwa kwa chupa?"

Nilijua nikisema Wepukhulu, itaisha na Wepukhulu. Baba angengoja arudi ndio amfute, na Mama angebaki salama kwa hii nyumba. Lakini Wepukhulu ndiye alikuwa anaendesha, na Mama alikuwa amekaa nyuma yake akiamini.

"Ilikuwa ya mvua," nikasema. "Mama ndiye huweka. Wepukhulu alimwambia mtoto ni mgonjwa. Anafikiri anafungua."

"Umefungua tanki ngapi?"

"Moja. Hizo zingine zimekataa. Alisema atazifungua Kiminini."

Nilingoja aulize ya Mama. Hakuuliza. Hiyo ndio iliniogopesha.

Alipiga simu ya Wepukhulu. Mteja hapatikani. Akapiga ya Mama, ikalia hadi ikakata. Akapiga tena, ikalia hadi ikakata. Mama akienda matanga huweka simu kimya, anaitia ndani ya mkoba. Mara ya tatu Baba alisimama ni kama akisimama atasikika mbali.

Kwa ukuta saa ilikuwa inasema saa mbili na dakika kumi. Nikahesabu kwa kichwa. Kiminini walikuwa wameshapita.

"Miwani yangu iko wapi?" akauliza, na ilikuwa kwa meza, mbele yake. Akanipatia simu. "Andika wewe. Mikono yako iko na haraka."

Akanitajia, nikaandika: *Mwambie Wepukhulu asimame hapo mko. Msishuke Kamukuywa. Tanki ziko na maji.*

"Niandike na ya chupa?"

"Hapana." Akakaa. "Andika Baba Gladwell, ajue ni mimi."

Nikaongeza. Nikatuma. Tiki mbili zikatokea, za kijivu, imefika lakini haijasomwa, na tukaweka simu katikati ya meza, mimi na Baba, tukiziangalia.