Kabari Tano Juu ya Bawa

Karakana nzima ilimwita baba yangu Mzee Kioo, na hakuna aliyebisha. Kazi yake ilikuwa kupiga msasa mabawa ya majaribio mpaka yateleze kuliko glasi. Mimi, mhandisi mwenye shahada mbili na mdomo usio na breki, nilipima upepo juu ya kile alichokwisha kukimaliza yeye.

Hewa ikianza kupita juu ya bawa huwa tulivu, tabaka juu ya tabaka, kisha mahali fulani huvurugika. Tukiichelewesha vurugu hiyo, ndege hunywa mafuta kidogo. Lakini punje ya vumbi karibu na ukingo wa mbele yatosha kuianzisha mapema. Ndiyo maana tulikuwa na sheria moja isiyo na msamaha: fundi akishalitia bawa saini, halishikwi kwa mkono mtupu. Anayelishika hakanyagi tena karakana, awe bosi, awe mfagizi.

Na vidole vya baba vilikuwa vimekufa ganzi. Kisukari kilivimaliza taratibu, sote tukijifanya hatuoni. Siku moja jikoni alishika sufuria ya moto huku akinisimulia habari za mpira, mpaka nikapiga kelele mimi.

"Mkono wa fundi huu," akacheka. "Umekomaa."

Nilimburuta hospitali. Daktari akatuambia hisia zilizopotea hazirudi, akampa mafuta mazito ya kupaka ngozi iliyopasuka. Baba alitoka pale akilalamika kwamba siku hizi hata watoto wanapewa makoti meupe. Niliogopa kupita kiasi, na nikamkasirikia, maana hasira naiweza zaidi.

Asubuhi ambayo jopo la wakaguzi lingekuja, alimaliza bawa jipya, akapitisha kidole cha shahada ukingoni kama alivyozoea.

"Safi," akasema, akatia saini.

Kisha akainama kuokota kitambaa sakafuni, akaegemea kwa mkono wa kushoto. Alidhani ameshika meza. Alikuwa ameshika bawa, kwa vidole vyote vitano, vyenye mafuta ya daktari na vumbi la msasa. Nilimwona. Nikafungua mdomo, na papo hapo mlango ukafunguliwa, jopo likaingia.

Kitambaa safi nilikuwa nacho mfukoni. Lakini kupangusa mbele yao kungekuwa kumshitaki baba yangu. Nikajidanganya kwamba ni alama ndogo, huenda isionekane. Nikachukua bomba, nikalinyunyizia bawa zima naftalini, ileile ya kufukuzia nondo kabatini. Penye hewa tulivu weupe wake hubaki. Penye vurugu hupotea upesi, na weusi wa bawa hutokeza.

Feni ikawashwa. Tukasimama nyuma ya kioo cha handaki la upepo, chumba cha majaribio nilimolisukumia bawa, baba kando yangu, kifua mbele.

Dakika ya nne ikachomoza kabari nyeusi, nyembamba mbele, ikipanuka kuelekea nyuma. Ikaja ya pili. Kitufe cha kuzimia feni kilikuwa chini ya kidole changu, lakini kuzima kungefuta nini? Zikatimia tano, nne zimekaa pamoja na moja imejitenga. Mtu yeyote angejua kwamba ule ni mkono.

"Nani ameligusa?" akauliza mwenyekiti wa jopo.

"Mimi," nikasema. "Wakati wa kunyunyizia. Nisameheni."

Baba akanigeukia. Nikaona usoni mwake kwamba ameniamini. Kwake hapakuwa na maelezo mengine. Mtu wa mwisho kulikaribia bawa nilikuwa mimi.

"Anadanganya huyo," akamwambia mwenyekiti. "Ananificha mimi. Nimelishika baada ya saini. Andika jina langu."

"Baba, hapana..."

"Nyamaza. Nazungumza na wakubwa."

Mwenyekiti alitutazama kwa zamu, akaliandika. Miaka yake thelathini na moja ya kazi ikaishia kwenye mstari mmoja wa kalamu. Ningesema nini? Kwamba hakudanganya? Angeniuliza nimejuaje, na ningelazimika kumweleza, mbele ya watu, kwamba mkono wake unagusa vitu bila yeye kujua.

Jopo lilipotoka alikunja aproni yake, akanivuta pembeni. Hakuwa na hasira. Afadhali angenitukana.

"Mimi nimeshazeeka, wewe bado una safari," akanong'ona. "Ila uwe mwangalifu, mwanangu. Unaegemea vitu kwa uzito bila kujua. Lete mkono."

Akanishika kunionyesha namna ya kugusa kwa wepesi. Vidole vyake vilinibana mpaka mifupa ikauma.

"Hivi," akasema. "Unasikia? Kama vile hujagusa kabisa."

"Nasikia, baba."