Cherehani ya Hashimu

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi Sitara alikuwa ameshafagia baraza, amenyunyiza maji kukata vumbi na kuifunua cherehani. Alitia mafuta kidogo, akatunga uzi wa bluu, akaweka sketi ya shule chini ya sindano, kisha akavuta kigoda na kukaa pembeni. Saa mbili kamili pedali ilianza kukanyagwa. Kwenye kiti hapakuwa na mtu. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walisogeza mifuko yao kupisha gurudumu, wakaendelea kulaumu bomba la maji taka lililopasuka mbele ya sokoni.

Mambo yalikuwa hivyo hapo Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, tangu Hashimu, mume wa Sitara, apelekwe mahabusu. Miaka mitatu na ushee iliyopita mteja alimletea robota la kitambaa cha bluu ashone sare. Polisi walikuja kusema robota hilo limeibwa kwenye kontena. Mteja hakuonekana tena. Aliyeonekana ni fundi, mkasi mkononi, basi wakamchukua fundi. Shtaka liliandikwa kuwa halina dhamana. Kila baada ya siku kumi na nne kesi ilitajwa, na kila ilipotajwa mwendesha mashtaka alisimama, akasema upelelezi haujakamilika, akakaa.

Siku ya tatu ya mahabusu yake, cherehani ilianza yenyewe. Sitara hakuwa anajua kushona hata kifungo. Aliitazama kidogo ikikanyaga bila kitambaa, akaona huo ni ubadhirifu, akaiwekea shuka. Ikapiga pindo pande zote nne, na kila mwisho wa mshono ikarudi nyuma mara tatu, jambo ambalo Kariakoo nzima alilifanya Hashimu peke yake. Adhuhuri ilipumzika. Ijumaa ilinyamaza kuanzia saa sita na nusu mpaka saa nane. Elibariki, mwenye duka la zipu na vifungo la ubavuni, aliulizia jambo hilo mara moja tu.

"Shemeji, bado inatumia sindano namba kumi na nne?"

"Hiyohiyo," akasema Sitara, naye Elibariki akamletea pakiti.

Cherehani ililisha nyumba na kumlipia Najma, binti yao, nauli ya shule. Zaidi ya hapo ilileta habari. Hashimu aliposhikwa na malaria huko ndani, uzi ulikatika kutwa nzima, na Sitara alijua kabla hajaambiwa. Alipopona, mishono ilinyooka. Wanawake wengine wenye waume mahabusu walikaa wiki nzima bila kujua lolote, wakati yeye alisikia pedali kila asubuhi. Kwa hilo Sitara alishukuru, na hakuona haya kushukuru.

Ndipo akaja Mektilda. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, anatafiti namna familia za mahabusu zinavyoishi, na alikuwa na dodoso la kurasa sita. Alifika swali la kumi na nne akauliza nani analeta riziki nyumbani.

"Cherehani," akasema Sitara.

"Namaanisha nani anashona, Mama Najma."

"Baba Najma."

"Si yuko ndani?"

"Yuko ndani. Anashona."

Mektilda aliitazama pedali, halafu akarudi kwenye karatasi. Palikuwa na mwenza, ndugu, jirani, mkopo, na mwisho kabisa, nyingine, taja. Akataja.

Alikuwa binti makini. Alipopata kibali akaenda gerezani, akamkuta Hashimu ameketi sakafuni, miguu yake miwili ikikanyaga saruji. Askari magereza walishamzoea. Zahanati ilikuwa imempa panadol. Mektilda aliandika dakika aliyoanza na dakika aliyopumzika, akalinganisha na za barazani. Zililingana. Msimamizi wake, Dokta Kasmir, alisoma na kuandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba sampuli ya mtu mmoja haitoshi. Mektilda akazunguka mji. Magomeni alipata kikaango kinachogeuza chapati chenyewe. Buguruni alipata spana inayofungua nati chini ya malori. Wenye vyombo hivyo wote walikuwa mahabusu, na hakuna aliyekuwa amehukumiwa.

Dokta Kasmir aliridhika, akashauri sura hiyo iitwe Ustahimilivu wa Kaya. Utafiti ulisomwa kwenye semina ukumbini Posta, na baada ya chai ofisa mmoja alisimama akampongeza mtafiti. Alisema amefarijika kujua kwamba familia hazitaabiki kama inavyodhaniwa, hivyo hakuna sababu ya kuharakisha mambo.

Mektilda alikuja barazani kulisimulia hilo huku ameinamisha uso. Sitara alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mle uliandika kwamba anashona?"

"Niliandika. Ukurasa wa arobaini na moja."

"Miaka mitatu wanaandika mshtakiwa, mshtakiwa. Wewe umeandika kwamba mume wangu anafanya kazi. Ahsante, mdogo wangu. Ahsante sana."

Akamfungia vitumbua, na Mektilda akavipokea kwa mikono miwili.

Jumanne kesi ilipotajwa tena, Sitara hakwenda mahakamani, kwani shule zilikuwa zinafunguliwa na sketi za marinda zilikuwa zimerundikana. Alikwenda Mektilda na daftari lake. Saa nne na dakika kumi cherehani ilisimama katikati ya rinda, sindano ikiwa ndani ya kitambaa.

Haikuwa saa ya swala. Uzi haukuwa umekatika. Sitara aliweka kiganja juu ya gurudumu, akakiacha hapo.

"Shemeji," akaita.

Elibariki alikuja, akakagua mkanda, akatoa bobini na kuirudisha. Kila kitu kilikuwa kizima. Alikwenda akafunga mlango mmoja wa duka lake, kama wafanyavyo watu wa mtaa ule kunapokuwa na msiba. Wateja walisimama. Sitara alikaa chini sakafuni, akajifunika khanga kichwani, na midomo yake ilikuwa imeanza kumrejesha mumewe kwa Mola simu ilipolia.

"Mama Najma! Wamemwachia!" Mektilda alikuwa akipiga kelele. "Wamesema hawana nia ya kuendelea na kesi. Yuko hapa nje, anakunywa dafu. Ngoja uongee naye."

"Sitara," ikasema sauti ya Hashimu.

"Abee."

"Sketi zimebaki ngapi?"

"Kumi na moja."

"Hiyo iliyo kwenye sindano iache, nakuja kuimalizia." Kisha akaongeza, "Ahsante kwa kunitandikia kitambaa. Muda wote nilijua ni mkono wako. Huwa unakiweka kuanzia kushoto."

Sitara aliwageukia waliosimama, akawaambia ameachiwa. Vigelegele vilianzia kwa wateja vikafika mpaka kwa wauza mitumba. Elibariki alifungua mlango wake, akatoa kreti la soda, akazifungua zote bila kuuliza nani anataka. Sitara alifuta kiti cha mumewe kwa upindo wa khanga, upande wa juu na wa chini. Alimshukuru Mungu, akawashukuru majirani mmoja mmoja, akaishukuru hata ile spana ya Buguruni asiyoijua.

Saa nne na nusu sindano ilinyanyuka. Pedali ilishuka mara moja, ikapanda, ikashuka tena. Mara ya kwanza ilikuwa imesubiri siku tatu. Safari hii ilikuwa imeshazoea. Vigelegele vilikoma, na soda zikabaki zimeshikwa.

Simu ya Mektilda ilikuja baadaye. Polisi wawili waliovaa kiraia walikuwa wamemngoja getini, wakamkamata upya. Robota ni lilelile, karatasi ni zilezile, namba ya kesi ndiyo mpya. Hata dafu hakulimaliza.

Sitara alikuwa ameshakaa kwenye kigoda chake, ameshika ncha ya kitambaa. Machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyafuta. "Alhamdulillahi," akasema. "Yu hai."

Alasiri Mektilda alifika akiwa na macho mekundu na dodoso jipya. Kwenye mstari wa tarehe ya kukamatwa alishindwa kuandika.

"Andika ya leo," Sitara akamwambia. "Wenyewe wameanza kuhesabu upya. Lakini zile dakika ishirini, zina pa kuandikwa?"

Mektilda alipekua kurasa zote sita. Alirudi kwenye nyingine, taja, akaziandika hapo, na chini yake akaandika alichokisema Hashimu kuhusu kitambaa kuwekwa kuanzia kushoto.

Cherehani ilifika mwisho wa rinda, ikarudi nyuma mara tatu. Mahali sindano iliposimama palibaki tundu dogo ambalo mwenye sketi asingeliona. Sitara akakata uzi, akachukua sketi nyingine, akaitandika kuanzia kushoto.