Dabi ya Jumamosi ya Msiba

Baba yetu, Hermínio, alifariki Ijumaa asubuhi, na Jumamosi jioni Benfica walikuwa na mechi dhidi ya Sporting. Benfica wakipata sare tu, ubingwa ni wao. Sporting walitakiwa kushinda. Huku kwetu Barreiro, ng'ambo ya mto kutoka Lisbon, nusu ya watu waliokuja kutupa pole walikuwa wanaangalia saa kwa kuibia.

Jeneza liliwekwa wazi katika kikanisa cha pembeni, maziko yakiwa Jumapili. Mdogo wangu Valdemar alikuwa amemfunika baba bendera nyekundu ya Benfica kuanzia kiunoni hadi miguuni. Padri aliitazama, akakohoa, akaendelea na sala zake.

Mechi ilikuwa karibu kuanza alipoingia kaka yetu mkubwa, Adérito. Alikuwa amevaa suti nyeusi, anachechemea. Watu waligeuka. Hakuwa amekanyaga mtaa huu kwa miaka tisa, hata baba alipolazwa.

Adérito ni Sporting. Utotoni alilelewa na mjomba, akarudi nyumbani akiwa kijani, rangi yao, mpaka kwenye soksi, na kwa miaka mingi lilikuwa jambo la kuchekesha tu. "Mpeni huyu kipande kidogo cha samaki," baba alikuwa akisema mezani. "Watu wa timu yake hawajazoea kushiba." Adérito naye alikuwa akimjibu, "Kula haraka, mzee, kabla refa wenu hajaingia jikoni."

Yaliharibika mwaka ule mama yetu alipofanyiwa upasuaji. Sporting walishinda dabi, na Adérito, kwa utani uleule, akaja kufunga skafu ya kijani kwenye kitasa cha mlango wa baba. Baba alirudi jioni kutoka hospitali. Alikuwa ametoka kuambiwa na daktari kwamba mama hatapona. Adérito hakujua, hakuna aliyejua. Baba aliikata ile skafu kwa kisu cha mkate, akampigia simu mwanawe. Alisema, "Mlango huu si wako tena." Tulijaribu kumweleza, mimi, shangazi, hata mama mwenyewe akiwa kitandani. Hakutaka kusikia. Mama alikufa wakiwa hawasemeshani, na baada ya hapo jina la Adérito halikutajwa tena nyumbani.

Basi, mechi ikaanza. Mkahawa wa Fausto unatazamana na kanisa, na wanaume wakaanza kutoka mmoja mmoja. Huyu anaenda kuvuta sigara, yule anaenda kuangalia kama gari lake limeziba njia. Wanawake wakaenda kunywa kahawa kwa shangazi. Wa mwisho kutoka alikuwa Valdemar.

"Dada, nachungulia tu. Baba mwenyewe angeenda."

Hilo hakuna aliyeweza kulipinga.

Tukabaki mimi na Adérito. Alivuta kiti karibu na jeneza, akakaa akimtazama baba usoni.

"Amekonda," alisema.

"Alikuwa hali chochote."

"Aliniulizia?"

"Aliulizia mguu wako unaendeleaje," nikasema.

Aligeuka polepole. "Mguu nilivunja mwaka juzi, Odete. Nani alimwambia?"

Niliinama nikaanza kupanga maua.

"Basi, mdogo wangu. Usijisumbue."

Kelele zikalipuka kule mkahawani, viti vikaburutwa, mtu akapiga honi. "Wenu hao," Adérito alisema. Baadaye tukasikia mguno mzito, kama wa watu wanaoinua kabati. Bao moja kwa moja, sare, na mtaa mzima ukaanza kuimba taratibu, ukisubiri filimbi ya mwisho.

Kisha wimbo ukakatika. Hapakuwa na kelele wala mguno. Niliwasikia njiwa wakitembea juu ya paa.

"Tumefunga," Adérito alisema kwa sauti ya chini. Hakutabasamu. Alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye ukingo wa jeneza. "Mzee, mimi sikujua habari za mama. Haki ya Mungu sikujua."

Bendera ilikuwa imeteleza upande mmoja. Alinyoosha mkono airudishe, na hapo ndipo Valdemar alipoingia, macho mekundu, ananuka bia, na wanaume nyuma yake.

"Toa mkono wako hapo."

"Inaanguka. Naiweka sawa."

"Umekuja kumcheka mpaka kwenye jeneza?"

"Valdemar, niangalie. Nani anacheka hapa?"

Valdemar alimpiga ngumi ya pua. Adérito aliyumba akaangusha shada la maua, damu ikamchuruzika hadi kwenye shati. Hakurudisha. Nilisimama katikati yao nikimwambia Valdemar anyamaze, lakini hakunyamaza, na wale wanaume wengine, waliomjua Adérito tangu akiwa mtoto, walikuwa wanatazama viatu vyao.

"Kesho nitabeba na mimi," Adérito alisema, leso puani. "Ni baba yangu."

"Ukiligusa jeneza, naliweka chini mbele ya padri."

Adérito alimtazama baba. "Hapana. Tusimfanyie hivyo." Akatoka.

Yaliyofuata alinisimulia kwa simu. Alipanda kivuko cha kurudi Lisbon, akakikuta kimejaa vijana wa Sporting wanaovuka kwenda kusherehekea. Walipoona damu kwenye shati walidhani amepigwa na mashabiki wa Benfica. Wakamkumbatia, wakamvika skafu, wakampa bia, wakamuuliza jina, wakamwimbia. Alianza kulia, na wao wakazidi kuimba, wakidhani analia kwa furaha. Hakuwaambia ukweli. "Ningewaambia nini, Odete? Walikuwa watoto wazuri."

Jumapili tulimzika baba. Nafasi ya Adérito begani ilichukuliwa na mfanyakazi wa kampuni ya mazishi, mtu ambaye sauti ilikuwa imemkauka kabisa kwa kushangilia Sporting jana yake. Valdemar hakugundua, au alijifanya hakugundua. Alitembea mbele, kichwa juu, na ngumi yake ya kulia ilikuwa imevimba.

Hawajakutana tena. Adérito huja makaburini siku za kazi, mchana, Valdemar akiwa kazini. Hukaa kidogo, hung'oa majani, huenda zake. Mara ya mwisho nilimwambia apite nyumbani tule chakula, kwani sasa nyumba ni yangu na mlango ni wangu. Alinishukuru. Alisema kivuko kitamwacha.