Karatasi ya Mama Scholastique

Siku ile mjinga alikuwa Sylvère, na hakuna haja ya kumtafutia mwenzake wa kugawana naye. Mwenyewe anakubali leo, tena kwa kicheko, ingawa wakati ule hakuona cha kuchekesha.

Shirika moja la kuhifadhi mbegu, kule Gihosha, lilikuwa linatafuta mtunza stoo. Sylvère alilipiga picha tangazo kwa simu, akalisoma mpaka akaweza kulisema macho yamefumbwa. Kazi ilikuwa ya saizi yake kabisa. Kwa miaka miwili alikuwa akiuza misumari dukani kwa shemeji yake, mtaa wa Musaga, na shemeji si bosi wa kawaida: ukichelewa kufungua duka, dada yake, ambaye ni mkeo, anajua kabla hujafika nyumbani. Sylvère alitaka kutoka pale kama mtu anavyotaka kuvua kiatu kinachobana. Dossier, yaani faili la maombi, ilitakiwa ifike Ijumaa, kabla ya saa sita mchana.

Basi akajiandaa. Barua ya kuomba kazi aliiandika mara nne. Nakala ya diploma ilipigwa muhuri. Jioni, mkewe Consolate alimhoji huku anachambua maharage.

"Kwa nini tukuchukue wewe?" akauliza kwa sauti ya kidirekta.

Sylvère akaanzia shule ya msingi. Alipofika kwenye kipaimara chake, Consolate akainua mkono.

"Baba Joëlla, hawa watu wana familia. Watataka kurudi nyumbani."

Kilibaki kitu kimoja: attestation, yaani karatasi ya bosi wa zamani inayoeleza ulifanya kazi gani, na uliifanya vipi. Bila hiyo, dossier haipokelewi. Hapo ndipo Sylvère alipokuwa anapoteza usingizi. Bosi huyo alikuwa Mama Scholastique, Mkongo wa Uvira, mwenye stoo ya mchele Buterere. Sylvère alimfanyia kazi miaka tisa. Asubuhi moja mama huyo akamfokea mbele ya wapagazi kwa sababu alipanga magunia yakagusa ukuta, na ukuta wa Buterere hunyonya maji kama sponji. Sylvère akaweka funguo mezani, akaondoka bila kuaga. Kiburi kilimsindikiza mpaka barabarani, kisha kikamwacha hapo hapo.

"Nenda kwake," Consolate akasema. "Uanze na kuomba radhi."

"Radhi ya nini? Si ni yeye alinifokea?"

"Sawa. Basi mupelekee hiyo hasira yako, aipige muhuri."

Sylvère aliona ana akili kuliko mkewe. Kule mjini, mabosi wengi hawana muda wa kuandika. Mfanyakazi huenda na karatasi iliyokwisha chapwa, bosi akatia sahihi, mambo yakaisha. Kwa hiyo Jumatano alikwenda kwa Ingrid, dada anayewachapia watu barua katikati ya mji.

"Kompyuta unajua?" Ingrid akauliza, vidole vikiwa tayari.

"Nimewahi kuishika."

"Anajua kompyuta. Kiingereza?"

"Kidogo."

"Kidogo hatuandiki hapa, kaka. Nimeweka vizuri sana. Uliongoza watu wangapi?"

Walikuwa watatu. Sylvère akatazama dari. "Kumi na wanne," akasema.

Karatasi ilipotoka kwenye mashine, akaisoma akasimama wima. Mtu aliyeelezwa mle hakuwahi kuchelewa hata siku moja, alikuwa na heshima, uvumilivu na lugha tano. Sylvère alitamani kumfahamu.

Alhamisi mchana akashuka Buterere. Mvua ilikuwa imepita, akavuka matope dossier ikiwa kichwani. Mama Scholastique alikuwa amekaa karibu na mzani wake, akiwapimia mchele wanawake wawili. Alimtazama Sylvère kuanzia viatu kwenda juu, bila haraka.

"Eh, Sylvère. Ungali hai."

"Ningali, Mama. Habari ya siku mingi?" Akamnyooshea karatasi na kalamu kwa pamoja. "Sitakuchelewesha. Ni sahihi tu, na muhuri."

Pale ndipo ujinga ulipotimia. Miaka miwili ya kimya, halafu mtu anakuja na kalamu.

Mama Scholastique akavaa miwani. Hakusoma kimoyomoyo. Alisoma kwa sauti, akiwatafsiria wale wanawake kutoka Kifaransa ili wasipitwe.

"Aliongoza wafanyakazi kumi na wane." Akamtazama juu ya miwani. "Ulihesabu na panya?"

Wanawake wakajishika mbavu.

"Anajua kompyuta. Mi nilikuwa na kompyuta hapa? Nilikuwa na huu mzani. Hajachelewa hata siku moja." Akavua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa tena. "Ngoja, labda sikuona muzuri. Apana, imeandikwa."

Masikio ya Sylvère yakawaka. Miguu yake ilikwisha geuka mlangoni. Ilikuwa inaijua njia ile. Hatua tatu tu, angekuwa nje na heshima yake. Lakini kesho ilikuwa Ijumaa, na nje palikuwa na misumari ya shemeji. Akairudisha miguu, mmoja baada ya mwingine.

"Mama," akasema polepole, wanawake wakisogea ili wasikie, "niliondoka vibaya. Yale magunia yalikuwa yanagusa ukuta. Ulikuwa na haki."

Mama Scholastique aligeukia mzani wake. Alimalizia kupima mchele, akafunga mfuko, akawaaga wateja wake mpaka wakatoka kwa shingo upande. Kisha akavuta droo, akatoa karatasi safi yenye jina la stoo, akainama na kuandika kwa mkono wake. Aliandika muda mrefu. Mwishowe akapiga muhuri mara mbili, kwa sababu wa kwanza ulififia.

Sylvère akasoma. Iliandikwa kwamba alitunza stoo miaka tisa na mchele haukupotea. Kwamba mwaka ule maji ya mafuriko yalipoingia stoo, alifika kabla ya wote, akainua magunia juu ya mbao mpaka giza likaingia, na ndiye aliyekuja kusema ni mangapi yameharibika, bila kuficha hata moja. Akafika mstari wa mwisho: *Jumatatu anachelewa. Ukimkosoa ananuna, kisha anarekebisha.*

"Mama, asante sana," akasema. "Lakini huu mustari wa mwisho tuutoe."

"Autoki."

"Attestation haiandikwi hivi. Wanaandika mazuri tu."

"Hiyo ya mazuri tu si ulikuya nayo? Ichukue, uende nayo bila muhuri."

"Mama, watanitupa inje. Ni mutu gani atamuchukua mufanyakazi, na anajua kabisa anachelewa na ananuna?"

Mama Scholastique akamrudishia kalamu yake.

"Mimi," akasema. "Miaka tisa."