Dirisha Lililokataa Kufunguka

Asubuhi ile niliinua leso ya kijani kabla dirisha halijafunguka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa langu.

Kazi yangu pale Osiri ilikuwa moja. Nilikaa ndani ya kibanda cha mabati mbele ya kompyuta kuukuu, nikiangalia picha ya shimo letu la dhahabu. Picha ilikuwa ndani ya dirisha dogo kwenye skrini: shimo limechorwa kwa mstari mweusi, maji, yaliyopimwa na kifaa kule chini, kwa rangi ya bluu, na chini yake kitufe kimoja chekundu. Maji yakiwa chini, nainua leso ya kijani ili watu washuke; yakifika kwenye mstari wa njano, nabonyeza kitufe, king'ora kinalia kule chini, wanaume wanatoka. Hapakuwa na neno hata moja la kusoma. Frankline, kijana wa Homa Bay aliyeiandika programu ile baada ya binamu yake kufia shimoni, aliichora hivyo makusudi. Wengi wetu pale hatukufika mbali shuleni. Mimi niliacha darasa la sita.

King'ora hakikuwa pambo. Shimo linashuka mita hamsini, kisha linapinda na kuingia pembeni kama njia ya fuko. Mtu akipiga kelele juu, au akitikisa kamba ya winchi, mashine ya kushusha watu, walio mwisho wa ile njia hawasikii chochote. Mashine ya kupasua mawe inawaziba masikio.

Na mimi sikuruhusiwa kufika mdomoni mwa shimo. Kwa masharti ya shimo letu, mwanamke havuki kamba ya bluu iliyozungushwa hatua ishirini kutoka mdomoni. Akivuka, shimo limeharibika. Walio chini wote hutolewa, kazi husimama siku tatu, na mwenye shimo hutafuta kondoo wa kulisafisha. Nilikuwa nimefanya kazi pale mwaka mmoja na nusu, na shimo nililijua kwa picha tu.

Jumamosi, Bosi Maurice, mwenye shimo, aliibeba kompyuta hadi mjini Migori ili fundi fulani aisafishe, maana ilikuwa inakwama. Ilirudi Jumatatu alfajiri ikiwa na sura ngeni. Picha ya ziwa niliyoizoea haikuwepo. Saa ya pembeni haikuwepo. Alama ya shimo ilikuwepo, nikaibonyeza mara mbili, na badala ya dirisha kikatokea kisanduku cha kijivu chenye mstari wa Kiingereza. Nikabonyeza tena. Mstari uleule.

"Vipi, Irine?" Bosi alikuwa nyuma yangu, anapiga mswaki. "Watu wanangoja leso."

"Bosi, bado ina..."

"Bado nini? Fundi amesema sasa ni kama mpya. Inua leso, mvua itarudi itukute hapa."

Nilitaka kusema. Kaka yangu Bonface alisimama kando ya winchi, kofia yenye taa kichwani, akinitazama.

"Nyaminwa!" alipaza sauti. Ndivyo anavyoniita, dada yake, kwa Kijaluo. "Tushuke, ama unatuombea kwanza?"

Wenzake wakacheka. Nikainua leso. Wakashuka wanne.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Na kando yetu, nyuma ya ukuta wa mwamba ambao hakuna aliyewahi kupima unene wake, kuna shimo la zamani lililoachwa likajaa maji.

Bosi alipoenda kwa winchi nilimpigia Frankline. Yeye hutengeneza simu karibu na gati la Homa Bay, na nyuma yake nilisikia wauza samaki wakigombana.

"Nisomee huo mstari," alisema.

"Siwezi kuusoma."

"Basi nitajie herufi. Moja moja."

Nikamtajia hadi mwisho. Nikamsikia akimwambia mteja aje baadaye.

"Huyo fundi amefuta kila kitu akaweka mfumo mpya," alisema. "Programu yangu iko, lakini haiwezi kuchora. Sikia, sista. Mimi sikuandika vile dirisha linafunguka, wala vile kitufe kinabonyezwa. Hiyo kazi inafanywa na kifurushi kingine cha programu, na toleo la zamani nililotumia haliko kwa huo mfumo mpya. Programu inaita, hakuna wa kuitika. Wanaume wako wapi?"

Nilitazama winchi kupitia mlangoni.

"Irine. Wameshuka?"

"Wanne. Bonface pia."

"Aii." Nilisikia kiti chake kikivutwa. "King'ora hakina njia nyingine. Niliandika kitufe tu. Nilikuwa nimesema nitaongeza njia ya pili, sikuongeza." Akashusha pumzi. "Ile flashi nyekundu niliyofunga kwa mguu wa meza iko?"

"Iko."

"Ndani yake kuna hicho kifurushi, lakini ni maandishi tu, vile waliokitunga walivyokiandika. Hakijapikwa kiwe programu. Kompyuta yako itakipika yenyewe, na wewe ndiye utaiambia. Andika ninachosema, usiongeze hata nafasi."

Akanielekeza kuchomeka flashi na kufungua lile dirisha jeusi lisilo na picha, ambalo nilikuwa nimeliona mara moja tu likiguswa na yeye. Alinitajia kwa majina ili nisikosee: C ya Celestine, O ya Osiri, N ya Nyatike. Neno likaisha, nikabonyeza, na mistari ikaanza kupanda skrini kwa kasi.

"Inaandika sana," nilisema. "Nimeharibu?"

"Hapana. Inakagua kama ina vyombo vyote vya kupikia. Iache."

Mistari ikasimama. Nikamtajia wa mwisho, herufi kwa herufi.

"Haiwezekani," alisema. "Inasema faili iliyotengenezwa sasa hivi ni ya zamani kuliko zile zilizotoka kwa flashi. Ya leo itakuwaje nzee kuliko ya miaka mitatu iliyopita? Labda flashi imekufa. Ngoja. Ngoja nifikirie."

Mimi nilikuwa nimeshajua. Niliendelea kunyamaza kwa muda ambao mpaka leo unanisumbua, kwa sababu yeye alikuwa amesoma na mimi sikusoma.

"Frankline."

"Nafikiria, sista."

"Ni tarehe."

"Tarehe gani?"

"Ya hii kompyuta. Ikizimwa jioni, asubuhi inaamka mwaka wa elfu mbili na kumi. Betri ndogo ya ndani ilikufa. Mimi huirekebisha kila siku kabla ya kufungua dirisha. Leo saa imefichwa, sikuona pa kuirekebishia."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuuliza."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeogopa, kisha akanitajia maneno ya kuweka tarehe. Tukaanza ukaguzi upya. Safari hii mistari ilifika mwisho bila kulalamika.

"Sasa iambie ipike. M ya Migori, A ya Awendo, K ya Karungu, E ya Edith. Make. Bonyeza."

Nikabonyeza. Feni ya kompyuta ikapandisha sauti.

"Itachukua muda gani?"

"Kwa hiyo mashine? Dakika arobaini. Labda saa nzima. Jenereta isizimwe kabisa, tarehe itarudi nyuma. Ikimaliza, uandike make tena, uache nafasi, halafu install. Hapo itaweka kila kitu mahali programu inatafuta. Halafu..."

Alinitajia neno la mwisho, la kuiambia kompyuta ijue kuna kitu kipya ndani. Nililiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa mabati. Wingu lilikuwa limeshuka upande wa ziwa, na mtandao wetu hauvumilii mawingu. Simu ikakatika. Nikajaribu tena, nikajaribu tena.

Nikabaki na ile mistari. Kila mmoja ulikuwa mrefu kuliko uwezo wangu, ukipita kabla sijamaliza neno la pili. Neno moja nililitambua, button, kifungo, tulilifundishwa darasa la pili tukishika sare zetu. Nikajua kompyuta imefika kwenye kitufe. Nilikaa nikitazama, nikisema moyoni, harakisha, harakisha. Lakini baada ya kitufe yalikuja mengine mengi, mamia, vitu ambavyo programu ya Frankline haitavitumia kamwe, na kila kimoja kilipikwa kwa utaratibu uleule bila haraka. Nilihesabu pumzi. Nilijaribu kukumbuka kama Bonface alikunywa chai.

Mama Kerosi, anayeosha mchanga kwenye bwawa chini ya bomba la pampu inayovuta maji shimoni, akaingiza kichwa kibandani.

"Mdogo wangu, bosi wako amehamia mwamba mwingine na hasemi?"

"Kwa nini?"

"Maji ya bomba leo yanaleta udongo mwekundu. Karai langu lote limechafuka. Hata dhahabu yenyewe ingeona haya kulala humo."

Nilisimama. Kutoka mlangoni niliona bomba. Mwamba wetu ni wa kijivu, na maji yake siku zote huwa kama maji ya majivu. Yale yalikuwa mekundu mazito. Udongo mwekundu uko upande mmoja tu, nyuma ya ule ukuta.

"Tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi tu."

Nilikimbia hadi kwenye kamba ya bluu. "Bosi! Maji ni mekundu!"

Alinipungia mkono nirudi. Nikaita tena, hadi akaja karibu, uso umekunjamana.

"Unapigia nani kelele?"

"Maji yanatoka shimo la zamani. Na king'ora hakilii. Dirisha halijafunguka."

"Si uliinua leso?"

"Niliinua." Sauti yangu ilikuwa ndogo sana. "Lilikuwa halijafunguka."

Alinitazama, akatazama bomba. Niliona ameogopa, na niliona pia ameamua kutoogopa. "Ni mvua tu imeosha udongo. Ngoja kompyuta yako iseme. Ikisema, nitawatoa."

Akageuka. Mimi pia nikageuka, na kupitia mlango wa kibanda niliiona skrini, nyeusi, mistari inapanda. Haikuwa na habari ya Bonface. Ingemaliza wakati wake wa kumaliza.

Nikainua kamba kwa mkono nikapita chini yake.

Sikukimbia. Nicodemus, mzee wa winchi, ndiye aliyeniona wa kwanza. "Wewe! Irine! Rudi!" Sikurudi. Nilihesabu hatua ishirini hadi nikasimama mdomoni nikatazama ndani. Lilikuwa dogo kuliko la kwenye picha, na lilitoa ubaridi.

Nicodemus akazima injini ya winchi.

"Umeniua," Bosi alisema, mikono kichwani. "Siku tatu! Msichana, umeniua!"

"Kelele baadaye, Bosi," Nicodemus alisema. Alikuwa tayari anajifunga mkanda wa kushukia. "Mwanamke amevuka. Masharti hayana kesho. Wote watoke, na hawatasikia kutoka hapa, kwa hiyo nashuka mwenyewe. Shika winchi."

Bosi akashika. Hakuwa na la kufanya, masharti yalikuwa yake.

Mimi nilirudishwa nje ya kamba nikakaa chini. Mama Kerosi alinishika bega. Winchi ililia ikishuka, ikanyamaza. Ikakaa kimya muda mrefu. Kisha ikaanza kupanda.

Akatoka wa kwanza, akiwa mkavu, akitukana. Akatoka wa pili, buti zimejaa maji. Wa tatu alitoka amelowa hadi kiunoni na hakutukana mtu. Kisha winchi ilishuka tena na kukaa, na nilitafuna ncha ya leso hadi ikalowa. Bonface alitoka akiwa ameng'ang'aniana na Nicodemus kwenye kamba moja, wote wawili wekundu hadi shingoni.

"Ukuta umetoboka," Bonface alisema. Meno yake yaligongana. "Tulidhani ni jasho la mwamba. Mzee alipofika, maji yalikuwa kwenye magoti." Alinitafuta kwa macho. "Nyaminwa. Asubuhi, ulipoinua leso, uliona picha?"

"Hapana."

Maji mekundu yalimdondoka kwenye vidole.

Niliingia kibandani kwa sababu sikujua pengine pa kwenda. Mistari ilikuwa imesimama. Nikaandika make, nikaacha nafasi, nikaandika install. Mistari mingine ikapita, mifupi. Nikaandika neno lililokuwa ukutani kwa mkaa. Kisha nikabonyeza alama ya shimo mara mbili.

Dirisha likafunguka. Lilikuwa lilelile, mstari mweusi, kitufe chekundu, kila kitu mahali pake. Bluu ilikuwa imepita mstari wa njano, imejaza njia yote ya pembeni, na ilikuwa inapanda shimoni.

Bosi Maurice alikuja akasimama nyuma yangu. Nilisikia anapumua. Wanaume walijaza mlango, na hakuna aliyesogea.

Sijui kwa nini nilibonyeza. Labda nilitaka kujua. Kutoka ndani ya ardhi, mbali sana, king'ora kililia chini ya maji, kama ng'ombe aliyefungiwa ndani ya pipa. Kililia kidogo, kikakwaruza, kikakatika.

Kwenye skrini kitufe kilirudi juu, chekundu, kikingoja kubonyezwa tena.