Fimbo Nane za Kaporali Kabera

Mwaka 1943 Emérita alikuwa na miaka tisa, na tayari alijua kunyamaza tarumbeta inapolia nje ya saa yake. Asubuhi hiyo ililia wanawake wa kambi ya jeshi ya Walikale wakitwanga sombe, majani ya muhogo. Baba yake, Kaporali Kabera, alifunga mkanda bila kumtazama mtu.

Walikuwa wageni kule. Jeshi lilikuwa limewatoa Ruanda, likawapitisha milima ya Masisi, likawaacha katika msitu huu ambamo jua lilichelewa kufika chini. Waliowapokea ni Nestor, mkulima wa Kibua, na mkewe Colette. Mama yake Emérita, Mukandori, alipojifungua mvua ikiwa imekata njia, aliyemzalisha ni Colette.

Sasa Nestor alikuwa amekamatwa. Mpira aliougema msituni kwa ajili ya vita ya wazungu haukufikia kipimo, na Kabera ndiye aliyeamriwa kumchapa fimbo nane.

"Huyu njo Nestor," Mukandori alisema. "Utamupiga namna gani?"

"Nikikataa, watatufukuza leo. Tutaenda wapi na batoto?"

Uwanjani, Nestor alilazwa kifudifudi mbele ya bendera. Kabera aliinua fimbo ya ngozi ya kiboko juu sana, akaishusha bila nguvu. Mara ya pili vilevile. Emérita alianza kupumua.

Mzungu wa kituo hakupandisha sauti. Alimwambia mkalimani maneno machache, na Kabera akavua shati, akalikunja vizuri, akalala kando ya Nestor. Barthélemy, askari waliyekula naye kila jioni, alimchapa nane. Alichapa kwa nguvu zote, maana alikuwa ameona upole unaleta nini. Kiganja cha Mukandori kilimziba Emérita mdomo.

Kabera aliposimama, alirudishiwa fimbo.

"Bwana anasema uanze upya," mkalimani alisema.

Safari hii hakupunguza nguvu. Colette hakulia. Alimkazia Mukandori macho tangu fimbo ya kwanza hadi ya nane.

Kesho yake alfajiri Nestor alirudishwa msituni kugema, na Kabera akapewa kazi ya kumlinda. Emérita aliwaona wakipita nyuma ya nyumba, wote wawili wameinama, mwendo wao ni mmoja, mbele kikapu, nyuma bunduki. Penye mti ulioanguka Nestor alishindwa kuinua mguu. Kabera alingoja kidogo. Kisha akamgusa mgongoni kwa mtutu.